Shajara ya shakwe wakubwa: kuwatambua kwa picha, Unguja, msimu wa 2023/2024

Jumamosi, 14 Oktoba 2023. Malindi

Naanza kuandika leo ili mwenye kamera ya kawaida, awe Unguja, Pemba au popote pwani, apate pa kuanzia na asipite kwenye makosa niliyopita mimi. Kazi ni hii: kuwapiga picha shakwe wakubwa wanaotujia kutoka kaskazini ya mbali kila mwaka, kisha kukaa na picha hizo mpaka kila ndege apate jina lake. Ukiwatazama kwa haraka wote ni ndege mweupe mwenye mgongo wa giza. Ukiwatazama kwa muda mrefu ndipo tabu inapoanza.

Nilivyonunua: kamera ya mitumba pamoja na lenzi ya milimita 300, shilingi 850,000. Kadi ya kumbukumbu 35,000. Kompyuta ni ya skuli ninaposomesha, naitumia baada ya saa za kazi kwa ruhusa.

Pahali pa kusimama nimepewa na ami yangu, dalali kwenye soko la samaki la Malindi, mjini Unguja. Nilifika saa mbili asubuhi na sikuona shakwe hata mmoja mkubwa. Nilisimama saa nne nzima. Mwezi u karibu kuandama, bahari ina bamvua (maji hujaa na kukupwa kupita kawaida), na siku za bamvua maji hapa kwetu hukupwa asubuhi. Shakwe wote wako huko miambani na kwenye mafungu wanakula. Walianza kurudi alasiri maji yalipojaa na vyombo vilipoingia, matumbo ya samaki yakaanza kutupwa. Kwa hiyo, kabla ya kitu chochote, tazama maji. Siku za bamvua nenda alasiri.

Alasiri nayo ina shida yake. Jua linakuwa juu ya bahari mbele ya mpigaji, na shakwe anatoka kivuli kitupu. Ami akamwita kijana mwenye mashua iliyotia nanga karibu, nikapanda, nikawa napiga picha kuelekea nchi kavu huku jua likiwa mgongoni kwangu. Tofauti ni kubwa mno. Nilimpa kijana 5,000, akazikataa, nikamwachia kwenye ubao wa kukalia.

Picha 63. Mkubwa wa mgongo mweusi alikuwa mmoja tu. Wengi walikuwa Larus hemprichii, ambaye wavuvi wa hapa wanamwita shakwe wa kofia kwa kichwa chake cha rangi ya kahawa na mkufu mweupe shingoni. Huyo hana utata akishakuwa mzima: mdomo mrefu wenye ncha nyekundu na kipande cheusi kabla yake, na chini ya bawa kote ni giza.

Mzee mmoja anayeparua samaki aliniuliza namtafuta nani. Nilipomwonyesha yule mkubwa kwenye skrini akasema, "Huyu mwanangu huja na kaskazi, akaondoka na kaskazi. Huyo mmoja amewahi." Nimeiandika kauli yake kwa sababu kaskazi bado haijavuma, na ndege kweli alikuwa mmoja.

Jumamosi, 11 Novemba 2023. Malindi

Vuli ya mwaka huu ni nzito. Wiki tatu nilitoka mara mbili tu. Leo kulikucha kweupe, wakubwa walikuwa tisa, nami nikapata somo ambalo ndilo nguzo ya shajara hii yote.

Wanaotegemewa kwetu ni wawili wanaofanana. Wa kwanza ni Larus fuscus fuscus, anayezaliana Finland, Sweden na kaskazini ya Norway: mwembamba, mbawa ndefu zinazopita mkia kwa kiasi kikubwa, mgongo mweusi karibu sawa na ncha za mbawa. Wa pili ni heuglini, anayezaliana tundra ya kaskazini ya Urusi: mzito zaidi kifuani, mdomo mnene zaidi, mgongo wa kijivu cha giza kama ubao wa skuli uliofutwa kwa dasta kavu. Miguu ya wote wawili ni ya manjano. Zamani wengi walimhesabu heuglini kuwa spishi yake peke yake. Siku hizi wataalamu wengi wanamweka ndani ya Larus fuscus. Kwangu hilo halipunguzi haja ya kuwatenganisha, maana wametoka nchi mbali mbali na njia zao ni tofauti.

Nikafanya kama mwanafunzi yeyote angefanya: mwenye mgongo mweusi folda hii, mwenye mgongo wa kijivu folda ile. Jioni nilikuwa na fuscus wanne na heuglini watano, na nilifurahi.

Baada ya isha nikazipitia tena kwa ukubwa kamili. Kwenye picha ya 41, folda ya kijivu, ndege ana kipande cha uzi wa nyavu wa kijani kilichomzunguka mguu wa kushoto juu ya kidole, ncha moja inaning'inia kama urefu wa ukucha. Kwenye picha ya 58, folda ya weusi, uzi ule ule, mguu ule ule, ncha ile ile. Ndege mmoja. Nimemwandika kwenye folda mbili kwa majina mawili, na kati ya picha hizo zimepita dakika kumi na moja.

Kilichobadilika ni mwanga. Ya 41 ndege yuko juani na maji ya giza yako nyuma yake; kamera hupima picha nzima na kuivuta kwenye wastani, ikaona giza jingi, ikaongeza mwanga, mgongo ukageuka kijivu. Ya 58 wingu limepita na ndege amesimama mbele ya ukuta mweupe. Kamera ikapunguza, mgongo ukawa mweusi.

Nimevunja folda zote mbili. Ndege huyu nimempa jina Kijani, na nitamfuata.

Kosa jengine la leo, dogo: watoto wawili niliowaandika "wakubwa, wachanga" ni hemprichii wa mwaka wa kwanza. Mdomo mrefu wenye rangi mbili na kichwa cha kahawia kisicho na michirizi vingetosha kunizuia.

Kabla ya kulala nilisafisha kadi. Nilifuta picha 70 za ndege wakiruka, zote zenye ukungu au zilizokatwa bawa, nikabakisha zile nzuri za waliosimama. (Msomaji, usifute. Utaona kwa nini.)

Jumamosi, 2 Desemba 2023. Fungu la Pange

Fungu hili wageni wanaliita Nakupenda. Nilikodi boti pamoja na wenzangu wawili wa skuli, kwangu ikawa 20,000. Tuliondoka mapema kabla boti za watalii hazijafika, na shakwe walikuwa wamelala kwenye mchanga, kumi na mbili.

Mmoja alikuwa mweusi kuliko wote, mfupi wa shingo, na jicho jeusi. Moyo wangu ulikwenda moja kwa moja kwa Larus dominicanus, shakwe wa kusini ya dunia. Jamii yake ya Afrika Kusini na Namibia, vetula, ina jicho jeusi, mdomo mkubwa na mgongo mweusi hasa. Huku kwetu kumwona ni jambo la nadra. Niliwatumia picha watu wanne kabla boti haijarudi Forodhani.

Nyumbani nilihesabu tena. Ndege huyu nilikuwa na picha zake 22, na niliyoituma ilikuwa moja. Kwenye kumi na nne nyengine jicho lake ni la manjano iliyopauka. Katika ile niliyoituma kichwa kilikuwa kimeinama na paji likatia kivuli. Miguu ni ya manjano safi, na dominicanus huwa na miguu ya kijani kilichochakaa. Mbawa zinapita mkia sana, naye yule mbawa zake ni fupi kwa mwili wake. Shingo fupi ilikuwa baridi ya alfajiri: amejikunja. Na weusi ule wote ulikuwa kazi ya mchanga. Mchanga wa Pange mweupe unapojaza picha, kamera inapunguza mwanga na kila kilicho kijivu kinazama.

Niliwaandikia wote wanne usiku ule ule kuwa nimekosea na kwa nini. Mmoja alikuwa ameshaipeleka mbele, ikanibidi nimtafute aliyeipokea. Tangu leo nina kanuni: sitamki jina la ndege adimu mpaka nimezipitia picha zake zote, na mpaka ishara tatu zisizohusiana na rangi ziwe zimekubaliana.

Marekebisho ya kamera, nayaandika kwa ukamilifu kwa sababu ndiyo yaliyofanya kazi. Nimeacha kuiachia kamera ipime. Napiga kwa mkono (manual): nalenga ndege mweupe aliye juani, nashusha mwanga hadi weupe wa kifua uonyeshe michirizi ya manyoya badala ya kuwa karatasi tupu, kisha sibadilishi kitu mpaka jua libadilike. Mizani ya weupe (white balance) nayo nimeifunga kwenye alama ya jua. Nahifadhi faili ghafi (RAW, ambayo kamera haijaichakata) pamoja na picha ya kawaida. Kadi inajaa haraka. Ya pili, 35,000.

Jumamosi, 13 Januari 2024. Malindi na Funguni

Wapimaji wa shakwe hutumia kadi ya kijivu ya Kodak yenye ngazi 20, kuanzia 0 iliyo nyeupe hadi 19 iliyo nyeusi, na mgongo wa fuscus husomeka baina ya 13 na 17. Kadi hiyo huwekwa ubavuni mwa ndege aliyeshikwa mkononi. Mimi simshiki ndege. Nilichapisha kadi yangu dukani kwa 3,000, nikaibandika kwenye nguzo ya gati; printa ilitoa kijivu chenye ubuluu na kesho yake mvua iliiosha.

Ndipo nikamwona kunguru. Kunguru wa Zanzibar, Corvus splendens, aliletwa hapa kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 ili asafishe taka, na leo hakuna tumbo la samaki Malindi ambalo shakwe atalishukia bila kunguru kuwa pembeni. Shingo yake ni kijivu, bawa lake ni jeusi. Kadi ya rangi mbili inayokuja yenyewe na kusimama karibu na ndege, kwenye jua lile lile, ndani ya picha ile ile!

Wiki moja nilidhani nimemaliza kazi. Shingo ya kunguru haikunisaliti sana: kila shakwe aliyekuwa na mgongo wa giza kupita shingo ile lakini mweupe kuliko bawa nilimweka upande wa heuglini. Bawa ndilo lililoniangusha. Lina mng'aro, na jua likilipiga kwa pembeni linang'aa kibuluu hadi linakuwa jepesi kuliko mgongo wa shakwe. Kati ya picha 19 zenye kunguru na shakwe pamoja, tisa hazikufaa kwa ajili ya mng'aro huo. Natumia zile tu ambazo kunguru ametupa ubavu kivulini.

Kipimo kilicho bora kilikuwa mbele yangu muda wote: ncha za mbawa za shakwe mwenyewe. Ni nyeusi, ziko kwenye mwili ule ule, mwanga ule ule. Kama mgongo na ncha vinaungana bila mpaka, fikiria fuscus. Kama unaona mstari pale kijivu kinapoishia na weusi kuanza, fikiria heuglini. Nimeandika "fikiria" kwa makusudi. Ndege aliyevaa manyoya ya mwaka mzima ncha zake huchujuka zikawa kahawia, na mgongo wa fuscus nao huchujuka. Oktoba na Novemba mpaka huo unadanganya.

Na jambo la saa. Betri ilikaa nje ya kamera siku tatu, saa ikarudi tarehe 1 Januari 2015, na picha 112 zikaandikwa tarehe hiyo. Kwa kazi hii tarehe ni nusu ya ushahidi. Sasa picha ya kwanza ya kila siku ni ya skrini ya simu yangu ikionyesha saa na tarehe.

Jumamosi, 10 Februari 2024. Malindi

Leo nimeyasoma manyoya, na natamani ningeanza na haya.

Shakwe mkubwa ana manyoya makuu kumi kwenye ncha ya kila bawa. Huhesabiwa kutoka ndani kwenda nje, wa 1 hadi wa 10, na huyabadilisha kwa mpangilio huo huo: ya ndani yanadondoka kwanza, mapya yanaota, pengo linahama pole pole kuelekea ncha. Bawa likifunguka angani unaona yote mara moja: mapya meusi yenye kingo safi, pengo, kisha ya zamani yaliyochakaa na kupauka.

Fuscus mzima husafiri na manyoya yake ya zamani, na kazi kubwa ya kubadilisha huifanya akishafika Afrika. Heuglini huanza kwao, husimama wakati wa safari, kisha hukamilisha huku kwetu. Kwa hiyo ukimpata ndege mzima mapema Novemba akiwa na pengo karibu na unyoya wa 7, ameanza zamani, na kwa kawaida huyo ni heuglini. Ukimpata tarehe hiyo hiyo na manyoya karibu yote ya zamani, pengo likiwa kwa ndani kabisa, fuscus anakuja mbele.

Leo Februari tofauti imekuwa finyu. Kijani alipita juu yangu mara nne, nikampata vizuri: 1 hadi 8 mapya, wa 9 nusu, wa 10 ndio kwanza unachomoza. Ndege wa aina zote mbili anaweza kuwa hivyo mwezi huu. Picha ambayo ingeamua ni ya Novemba akiwa anaruka, na zile picha 70 nilizifuta kwa mkono wangu kwa sababu hazikuwa nzuri machoni. Nimeumia kwa hili kuliko kwa makosa mengine yote. Picha yenye ukungu ambayo ndani yake manyoya yanahesabika ina thamani kuliko ndege aliyesimama akang'aa.

Watoto na vijana wa chini ya miaka mitatu nimeacha kuwapa majina. Shakwe hawa huchukua karibu miaka minne kuvaa vazi la utu uzima, na kabla ya hapo ni michirizi ya kahawia juu ya michirizi ya kahawia. Folda yao inaitwa Wachanga, basi.

Jumamosi, 9 Machi 2024. Malindi

Ramadhani inabisha hodi, soko limejaa. Nilikuwa namsimulia ami habari ya picha nilizofuta, naye huku anapiga hesabu za mnada akauliza, "Siku gani hiyo?" Nikamwambia tarehe 11 Novemba. Akasita. "Si siku ile ya nduaro?"

Siku ile aliingia nduaro mkubwa, na ami aliurekodi mnada kwa simu ili ampelekee mnunuzi. Video bado anayo. Inakwenda dakika mbili na sekunde kumi. Nduaro yuko kwenye sakafu, watu wanapandisha bei, na nyuma ya mabega ya watu shakwe wanapita. Kwenye sekunde ya 48 mmoja anageuka kushuka, miguu imening'inia, na kwenye mguu wa kushoto kuna uzi.

Niliisogeza video picha kwa picha. Nne hazina kitu. Ya tano bawa la kulia limefunguka lote juu ya kofia ya mchukuzi. Picha imevunjika vunjika, rangi haina maana yoyote, lakini pengo lipo, jeupe, mbingu inapita ndani yake. Nimehesabu kutoka nje kurudi ndani: wa 10, wa 9, wa 8, vyote vina ncha zilizochakaa. Kisha pengo. Kisha ya ndani, yenye kingo zilizonyooka. Nimemwita ami ahesabu bila kumwambia jibu langu. Akasema, "Matatu, halafu tundu."

Unyoya wa 7 umedondoka tarehe 11 Novemba. Nikiongeza mstari wa mpaka kati ya mgongo na ncha ninaouona kwenye picha saba zilizopigwa kwa mkono tangu Desemba, uzito wa kifua na mdomo, Kijani ana jina.

Vijana wa ami wamejaribu mara mbili kumtegea wapate kumkata ule uzi. Mara zote mbili ameruka. Anatembea bila kuchechemea, na mguu haujavimba.

Jumamosi, 23 Machi 2024. Malindi

Saumu. Soko la mchana ni kimya, vyombo vinaingia kwa kuchelewa. Wakubwa wamebaki watatu, na Kijani hayumo. Mzee anayeparua samaki alinyoosha kidole kaskazini bila kusema.

Gharama yote ya msimu: vifaa 920,000, boti 20,000, kijana wa mashua 5,000, kadi ya kijivu iliyolowa 3,000, nauli za daladala 46,000. Ndege wakubwa wazima niliowatenganisha mmoja mmoja kwa alama zao ni 31. Heuglini 17. Fuscus watatu, na hao watatu nimewakagua mara mbili mbili, kwa sababu ndege wa Finland wengi hushuka kwa bonde la Nile hadi Ziwa Victoria, na huku pwani heuglini ndiye wa kutegemewa. Lakini kumtegemea ndege si ushahidi, ndiyo maana hata hao 17 kila mmoja ana picha ya bawa. Waliobaki, 11, folda yao imeandikwa Bila jina, na nakala za faili zao ghafi ziko kwenye diski mbili.

Kuanzia Oktoba ijayo nitakuwa napiga picha za kuruka kwanza, za kusimama baadaye. Ami amekubali kurekodi kila mnada wa Jumamosi akiiinua simu juu kidogo.

Ukurasa wa mwisho wa leo nimeuandika hivi: Kijani. Larus fuscus heuglini, mzima. Malindi, kuanzia 11 Novemba 2023 hadi 9 Machi 2024. Uzi wa nyavu, mguu wa kushoto.